Utelezi, Baridi na Mbabula: Usalama wa Kamio kati ya Sake, Masisi na Walikale

Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu vya chuma, vumbi la mapafu na nguzo za shimoni. Leo tunatoka shimoni na kupanda kamio. Mchanga haujipeleki Goma wenyewe, na mfanyakazi anayekwenda likizo hana mabawa. Wote wanapita njia ileile ya udongo, na siku za mvua njia hiyo huua watu kama shimo lililoachwa bila nguzo.

Ulaya na Amerika kuna watu wanaosafiri katika gari ambalo ni nyumba pia. Ndani kuna kitanda, jiko, meza, hata choo. Wakati wa baridi barabara zao hufunikwa na theluji na barafu, basi mashofere wa magari hayo wana mafundisho yao ya pekee: namna ya kushuka mlima, namna ya kupanga mizigo, namna ya kulala usiku bila kufa. Msomaji wa Rubaya au wa Njingala atauliza: mambo hayo yanatuhusu nini? Sisi theluji tunaiona kwa mbali tu, juu ya Rwenzori, na asubuhi nyingine kwenye kichwa cha Karisimbi, mlima wa mita 4,507.

Yanatuhusu sana. Kamio inayotoka Goma kwenda Masisi na Walikale ni nyumba, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Shofere anakula humo na kulala humo. Konvoyeri anapika chini yake. Juu ya mizigo kuna wafanyabiashara, wanafunzi, mama mwenye mtoto mgongoni, kuku, magodoro na bido za mafuta. Mvua ikinyesha, nyumba hiyo inaweza kusimama mahali pamoja siku mbili au tatu. Na matope ya Masisi chini ya gurudumu hayana tofauti kubwa na barafu: yote mawili yananyima mpira wa gari mahali pa kushika.

Hata weupe wenyewe si mgeni kabisa katika nchi zetu za joto. Tarehe 2 Septemba 2008, watu wa Busara karibu na Nyahururu, nchini Kenya, waliona kilima kizima kimefunikwa na barafu, wakadhani ni theluji. Ilikuwa mvua ya mawe iliyoshikamana chini. Katika malisho ya juu ya Masisi pia mvua ya mawe huanguka, na kwa nusu saa barabara inakuwa kama imemwagiwa maharage ya kioo. Shofere mwenye akili anasimama mahali pa usawa na kungoja iyeyuke.

GURUDUMU LINASHIKA NINI?

Tuanze na hesabu kidogo. Wale wanaochukia hesabu wavumilie, maana hii si ya kupita mtihani.

Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa linasafiri mita 11 kila sekunde. Shofere akiona mbuzi barabarani, sekunde moja inapita kabla mguu wake haujakanyaga freni. Mita 11 zimekwisha bure. Halafu freni zinaanza kazi. Katika barabara kavu ya changarawe nzuri, gari litasimama baada ya mita 10 au 11 nyingine. Katika matope yaliyolowa litahitaji mita 31 hivi. Na kama matope hayo yako katika mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100, litahitaji mita 60 na zaidi, sawasawa na gari la Ulaya lililo juu ya barafu katika barabara ya tambarare. Mlima ukiwa mkali mara mbili ya huo, hakuna mita zitakazotosha: magurudumu yamefungwa, freni ni nzima, na kamio bado inashuka.

Mashofere wengi wanasema, “Freni zangu ni nzuri.” Tunaamini. Lakini freni hushika gurudumu, na gurudumu ndilo linaloshika njia. Kama njia haishikiki, freni nzuri na freni mbaya ni ndugu.

Sasa angalieni faida ya kwenda polepole. Katika mteremko uleule wa matope, shuka kwa kilomita 20 kwa saa badala ya 40. Hutahitaji nusu ya zile mita 60, utahitaji robo yake tu, kama mita 16. Mwendo ukigawanywa kwa mbili, njia ya kusimama inagawanywa kwa nne. Hakuna kifaa dukani kinachoweza kukupa zawadi kama hiyo bila pesa.

Jambo jingine ambalo wenyeji wa Mushaki wanalijua na wageni hawalijui: hatari kubwa haiji na mvua kubwa, inakuja na matone ya kwanza. Vumbi la wiki mbili linapolowa kidogo linakuwa kama sabuni. Chini bado ni pagumu, juu ni utando mwembamba wa ute. Mvua ikiendelea kwa nguvu, utando ule huoshwa. Ndiyo maana gari linaweza kuteleza saa nane mchana kwa manyunyu, mahali palepale ambapo asubuhi lilipita bila shida. Huko kwenye baridi wana kitu kama hicho: barafu nyembamba isiyoonekana, ambayo shofere huidhani kuwa lami iliyolowa. Wanaitafuta hasa juu ya madaraja na mahali pa kivuli. Nasi tutafute utelezi wetu hapohapo: ndani ya kivuli cha msitu, kwenye kona ambayo jua haifiki, na juu ya magogo ya daraja.

KUPANDA NA KUSHUKA

Kutoka Goma mpaka Sake ni kilomita 25 hivi kando ya ziwa, nchi ya mawe ya volkano. Halafu barabara inapanda kwenda Mushaki, na vilima vya huko vinapita mita 2,000. Masisi Centre, ambayo iko kama kilomita 80 kutoka Goma, iko chini zaidi. Ukiendelea kupita Nyabiondo, Kashebere, Kibua na Mpofi, unashuka katika msitu mpaka Walikale, chini ya mita 1,000. Kwa hiyo safari moja ina milima yote miwili: wa kupanda na gari baridi, na wa kushuka na freni zilizokwisha kuchoka.

Wakati wa kupanda, chagua vitesi ndogo kabla ya kuanza mlima, si katikati yake. Ukibadili vitesi katikati ya matope, gari linapoteza mwendo kwa muda mfupi, na muda huo mfupi unatosha. Shika mwendo mmoja wa pole. Gurudumu likianza kuzunguka bure, usiongeze mafuta kwa hasira. Gurudumu linalozunguka bure linachimba, na shimo linalochimba ni la kwake mwenyewe. Punguza mafuta kidogo kidogo mpaka lishike tena. Lisiposhika, simama, shuka, utazame. Majani, changarawe, matawi na vipande vya mbao chini ya gurudumu la nguvu vinasaidia kuliko kelele ya motere.

Wakati wa kushuka, kanuni ya wazee wa kamio ni nzuri mpaka leo: shuka na vitesi uliyohitaji ili kupanda mlima huohuo. Motere ndiyo freni ya kwanza, kwa kuwa inazuia magurudumu bila kuyafunga. Freni ya mguu iguswe kidogo na kuachwa, tena kidogo na kuachwa, wakati magurudumu yamenyooka. Usikanyage freni ndani ya kona. Punguza mwendo kabla ya kona, halafu zunguka.

Lakini angalia vilevile: kama umeweka vitesi ndogo sana kwa ghafula katika utelezi, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga na mkia wa kamio ukaanza kuja mbele. Basi kanyaga klachi, elekeza usukani upande ule mkia unakokwenda, usiguse freni mpaka gari linyooke. Ukiona magurudumu ya mbele ndiyo yanateleza na usukani hausikii, wengi wanazidi kuuzungusha. Kosa. Unyooshe kidogo, acha mafuta, ngoja yashike.

Na ile tabia ya kuondoa vitesi katika mteremko ili kuokoa mafuta! Tumekwisha kusema na tutasema tena. Shofere anaokoa nusu lita na kubaki na freni peke yake kwa kilomita tano. Freni zikipata moto mwingi hazishiki tena, hata ukikanyaga mpaka chini. Akizima na motere, upepo wa freni hautengenezwi tena na usukani unakuwa mzito. Kamio yenye tani kumi za mchanga haina rafiki katika hali hiyo ila ukingo wa mlima.

Gari mbili zikikutana mahali pembamba, inayopanda ipewe njia kwanza, kwa sababu ikisimama inaweza isiondoke tena. Anayeshuka angojee mahali papana. Kabla ya kujisogeza ukingoni, konvoyeri ashuke akatazame udongo kwa miguu. Ukingo uliolowa unaonekana mzima juu, kumbe chini maji yamekwisha kuula. Ufa mrefu unaofuata njia ni alama kwamba mlima unajiandaa kushuka.

MZIGO MDOGO, UZITO MKUBWA

Wafanyakazi wa migodi wanajua jambo hili kuliko watu wa soko. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita moja ya kasiterite safi ni karibu kilo saba. Kwa hiyo mifuko ya kilo 50 haionekani kuwa mingi. Sanduku la kamio linaonekana tupu nusu nzima, na mwenye gari anasema, “Nafasi bado iko.” Nafasi iko, nguvu ya chuma haiko.

Mchanga upakiwe chini kabisa, ugawanywe sawa kulia na kushoto, katikati au mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Vitu vyepesi, kama magodoro, majani ya chai na mikate, vikae juu. Uzito ukipakiwa nyuma sana, mkia unashuka na pua inanyanyuka: magurudumu ya mbele yanagusa njia kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole, na usukani unakuwa wa bure hasa katika utelezi. Uzito ukiwekwa juu, kamio inakuwa kama mtu aliyebeba jiwe kichwani: shimo dogo upande mmoja linatosha kumwangusha. Wenye nyumba za magurudumu wa Ulaya wanafundishwa neno hilihili, maana gari lao ni refu juu na upepo unalisukuma. Maji na chakula cha kopo wanaweka chini, nguo wanaweka juu.

Na watu juu ya mzigo? Kila mtu anajua kwamba ni hatari, na kila mtu anajua kwa nini watu wanapanda. Hatutahubiri. Tunasema hili tu: kabla ya mteremko wa matope, kabla ya daraja la magogo, na wakati wowote gari linapovutwa kutoka shimoni, watu wote washuke na kwenda kwa miguu. Kamio ikilala upande, aliye juu ya mzigo anatupwa kwanza, halafu mzigo unamfuata. Shofere asiyewashusha abiria kwa sababu wananung'unika anawaogopa watu wasiofaa kuogopwa.

YULE ANAYEKIMBIA NA KIPANDE CHA MTI

Tunakuja kwa mtu ambaye gazeti linamsahau: konvoyeri mdogo mwenye kipande cha mti cha kuzuia gurudumu. Kamio inapanda, yeye anatembea nyuma yake na mti mkononi. Motere ikichoka, anautupa nyuma ya gurudumu ili gari lisirudi. Kazi hii ni ya lazima katika milima yetu. Namna inavyofanywa ndiyo mbaya. Kijana anainama nyuma ya gurudumu, miguu ndani ya matope yaleyale yaliyoshinda mipira. Kamio ikirudi hatua moja na mguu wake ukiteleza, hakuna wa kumvuta.

Mti huo ufungwe kwenye fimbo ndefu au kamba, ili ausukume akiwa amesimama kando ya gari, si nyuma. Awe upande ambao shofere anamwona katika kioo, na upande wa mlima, si upande wa bonde. Wakubaliane alama kabla ya kuanza: pigo moja kwenye bodi ni simama, mapigo mawili ni endelea. Watu wanaosukuma kamio wasiwe nyuma yake katika mpando, hata kama wako ishirini. Ishirini hawazuii tani kumi na tano.

Kamba au chuma cha kuvutia gari pia kina kisasi chake. Kikikatika kinapiga kama fimbo, na kinaweza kuvunja mguu au kutoboa kichwa. Wote wakae mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe, na juu ya kamba itupwe koti zito au gunia lenye udongo. Likikatika, gunia linalivuta chini.

Minyororo ya magurudumu, ambayo watu wa theluji wanafunga, inafaa pia katika matope mazito. Ifungwe katika magurudumu yanayoendeshwa na motere, mahali pa usawa, kabla ya kuingia matope. Anayeifunga baada ya kukwama anafanya kazi hiyo akilala ndani ya potopoto. Ukifika kwenye mawe au lami, ifungue, maana inakula mpira na kuvunjika. Lakini mipira iliyokuwa laini kama upara haitasaidiwa na mnyororo. Huko Austria sheria inataka mpira wa majira ya baridi uwe bado na mifereji ya milimita 4, kwa sababu mifereji ndiyo inayotupa maji na matope nje. Chukua msumari, pima yako.

BARIERI YA MVUA

Katika nchi yetu kuna desturi ya zamani ya barieri ya mvua: mti unawekwa barabarani, na gari zito halipiti wakati wa mvua wala saa kadhaa baada yake, mpaka njia ikauke. Mashofere wanaitukana. Wanasema ni mahali pa kutolewa pesa, na mara nyingine wanasema kweli. Lakini kanuni yenyewe ni ya akili. Kamio moja inayopita katika udongo uliolowa inaacha mifereji miwili. Mvua inayofuata inaingia humo. Kamio ya pili inazidisha. Baada ya wiki, mahali palipokuwa njia pana shimo linalomeza gari mpaka mlangoni, na gari ishirini zinapanga mstari nyuma yake. Njia ya Walikale, ambako mvua hunyesha karibu miezi yote na miti inazuia jua, imekufa mara nyingi kwa njia hiyo. Katika miaka ya 2000 wafanyabiashara walifika mahali pa kutua na ndege ndogo juu ya kipande cha lami huko Kilambo ili kuchukua kasiterite ya Bisie, wakati wabebaji walikuwa wanaitoa msituni kwa mgongo. Fikirini: ndege inatua katika barabara kwa sababu gari haiwezi kuipita.

Vita vya miaka hii vimefunga na kufungua njia mara nyingi, na gazeti haliwezi kukuambia ipi iko wazi siku utakayolisoma. Uliza wanaotoka huko, siyo wanaokwenda.

USIKU WA BARIDI

Sasa tumefika mahali tulipotaka kukaa.

Kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa kwa digrii 6 hivi. Shofere aliyetoka Walikale na shati moja anakwama jioni juu ya Mushaki, nguo zimelowa, matope mpaka magotini. Usiku baridi inaweza kushuka karibu na digrii 10. Hiyo si theluji, lakini mtu aliyelowa na mwenye njaa anapoteza joto haraka: anatetemeka, maneno yanakuwa mazito, mikono haifungi tena kifungo. Dawa ni kuvua nguo zilizolowa, kujifunika kwa kitu kikavu, kula, kunywa kitu cha moto. Pombe haimo katika dawa hizo. Inaleta joto kwenye ngozi na kuliondoa tumboni.

Lakini watu hawasubiri kupata baridi. Wanachukua mbabula yenye makala ya moto, wanaiingiza katika kabini ya kamio au chini ya turubai, wanafunga vioo, wanalala. Asubuhi hawaamki.

Makala yanapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi. Haina harufu. Haichomi macho kama moshi, ndiyo maana watu wanasema, “Makala yamekwisha kuiva, hayana moshi tena, ni salama.” Ni kinyume. Gesi hiyo ikiingia katika mapafu inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshikamana nayo. Damu inaendelea kutembea lakini haibebi tena uhai. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, magoti hayana nguvu. Aliyelala hasikii chochote.

Motere inatoa gesi ileile. Huko kwenye theluji watu wanakaa ndani ya gari lililokwama, motere inazunguka ili wapate joto, na theluji inaziba bomba la moshi kwa nyuma. Moshi unarudi ndani. Mwezi wa Januari 2016, katika mji wa Passaic, New Jersey, mama na watoto wake wawili walikuwa wanapata joto ndani ya gari wakati baba alikuwa nje, hatua chache, akiondoa theluji kwa sepetu. Bomba lilikuwa limezibwa. Wote watatu walikufa. Na Januari 2022, huko Murree katika milima ya Pakistan, watu zaidi ya 20 walikufa ndani ya magari yaliyokwama katika theluji usiku mmoja, wengine kwa baridi, wengine kwa gesi hiyo.

Katika njia yetu, matope yanafanya kazi ya theluji. Kamio iliyozama mpaka sanduku, bomba lake liko ndani ya potopoto. Motere ya mazuti inatoa gesi hiyo kidogo kuliko ya esansi, lakini kidogo ndani ya kabini iliyofungwa kwa saa sita si kidogo. Zima motere. Kama ni lazima kuwasha, toa kwanza matope kwenye bomba, washa dakika chache, kioo cha upande usio na upepo kibaki wazi, na mtu mmoja asilale. Mbabula na jenereta vibaki nje, mbali na mlango, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali. Pika nje, ota moto nje, halafu ingia ulale bila moto. Blanketi mbili kavu ndani ya mfuko wa plastiki zinafaa kuliko gunia la makala.

Wamama, neno hili ni lenu pia. Nyumba ndogo ya kambi yenye mabati na dirisha lililozibwa kwa gunia haina tofauti na kabini ya kamio. Mbabula ikimaliza kupika, itoke nje kabla watoto hawajalala, hata kama mvua inanyesha. Iwekwe chini ya ukingo wa paa.

MAZUKU

Kati ya Goma na Sake kuna gesi nyingine, ambayo wenyeji wanaiita mazuku, upepo mbaya. Hiyo inatoka ardhini, katika nchi ya volkano. Ni dioksidi ya kaboni, na yenyewe ni nzito kuliko hewa. Inakaa katika mabonde madogo na mashimo kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri, wakati upepo umetulia. Mbuzi, mbwa na watoto wanakufa kwanza kwa sababu vichwa vyao viko karibu na ardhi. Mtu mzima akipita amesimama anaweza asisikie kitu. Akiinama kufunga kiatu, anaanguka.

Basi fikirini juu ya konvoyeri anayetandika mkeka chini ya kamio, mahali pa chini kando ya barabara, ili apate kujikinga na mvua. Au fundi anayelala chali kutengeneza. Usiegeshe gari kwa usiku katika shimo au bonde la sehemu hizo. Uliza wenyeji, wanajua kila mahali pa mazuku, hata pasipo na kibao. Ukiona ndege au panya waliokufa, ondoka. Ukimwona mtu ameanguka, usikimbie kuinama juu yake, maana wengi wamekufa wawili wawili hivyo. Vuta pumzi ukiwa juu, mvute kwa kamba au kwa mikono haraka mpaka mahali pa juu, au waite watu wengine.

MTU AKIKUTWA HAAMKI

Fungua milango yote kabla ya kuingia, mtoe nje kwenye hewa safi, mlaze kwa ubavu kama anapumua. Kama hapumui, mpulizie pumzi mdomoni na kusukuma kifua, kama tulivyofundishwa katika kozi ya msaada wa kwanza, mpaka apumue au mganga afike. Walioamka na kichwa kinachouma nao wapelekwe, hata wakisema wamepona. Dawa ya kweli ni oksijeni, na hiyo iko hospitalini.

Kuna kosa moja linalotokea katika vituo vya afya. Kichwa kinauma, mtu anatapika, hana nguvu: katika nchi yetu kila mtu anasema malaria, na mgonjwa anapewa vidonge na kurudishwa kulala palepale alipoumwa. Malaria haiwaangushi watu watatu wa kabini moja usiku mmoja kwa saa moja. Kwa hiyo aliyemleta mgonjwa aseme kwa mganga neno la kwanza kabisa, kabla ya jina na kijiji: alilala na mbabula, au alilala na motere inazunguka, na mlango ulikuwa umefungwa.